Mkojo wa Saa Sita

Asumini, wewe uliyekalia kiti changu cha maabara, umenitumia ujumbe mara tatu kwamba niandike niliyoyaona kazini ili vijana wenzako wasome. Nimekaa na daftari hili tangu mvua za vuli. Kila nikimaliza ukurasa naona ni wa mtu anayejisifu, nauchana. Kurasa hizi nimeziacha kwa kuwa hazina cha kujisifia. Mimi ni mtu wa darasa la saba, kwa hiyo nikikosea jina la ugonjwa sahihisha kwa kalamu nyekundu, sitanuna. Vyeo sitaviandika. Vilikuwa viwili tu miaka yote ile, na barua ya cha pili ilikosea jina la baba yangu.

Niliingia kituo chetu cha afya kama mfagizi. Siku ya kwanza nilipewa ufagio, ndoo na onyo la kutogusa kitu chochote cha kioo. Kabla ya adhuhuri nilikuwa nimeshaangusha trei ya slaidi. Mzee Mtupa, ambaye ndiye aliyekuwa maabara nzima peke yake, alitoka akavitazama vipande.

"Zimevunjika ngapi?"

"Tatu. Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kesho utakuja kuosha zilizobaki. Mtu aliyevunja tatu ataiogopa ya nne."

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa maabara. Nilianza kwa kuosha slaidi, nikaja kuzipaka rangi, na mwaka wa pili Mzee Mtupa akaniambia niweke jicho. Darubini yetu ilikuwa ya kioo cha chini, inakula mwanga wa dirishani. Wingu likipita tulisimamisha kazi tukangoja. Ile ya umeme ilipokuja miaka mingi baadaye, tuliendelea kusimamisha kazi na kungoja, safari hii tukingoja umeme.

Kitu cha kwanza alichonifundisha kukitambua kilikuwa yai la kichocho. Watu wetu wanalima mpunga mabondeni, wanasimama majini tangu kupanda hadi palizi, na konokono wanaobeba ugonjwa huo wamo humo humo. Yai lenyewe utalipenda ukilizoea: refu kidogo, lina ngozi inayong'aa, na mkiani lina mwiba mmoja. Lakini kulipata kuna adabu yake. Mzee Mtupa alikuwa anachukua mkojo jua likiwa utosini, si asubuhi, na kabla ya hapo mgonjwa lazima atembee au arukeruke kidogo. Nimewaona watu wazima wenye kanzu wakiruka nyuma ya jengo letu kwa amri yake. Kisha anasema, "Ule wa mwanzo mwaga. Nataka unaokamuliwa mwisho."

Nilimuuliza kwa nini mchana.

"Mayai haya ni mabwanyenye, hayaamki mapema," akasema. Alipoona naandika akanizuia. "Usiandike hilo. Andika kwamba nimeyatafuta asubuhi na nimeyatafuta mchana, na mchana ndiyo nimeyakuta. Sababu waulize waliosoma."

Kisha ukaja ugonjwa ambao darubini yetu haikuuona. Watu walisema fulani amekanyaga waya, wakacheka kidogo, halafu wakaacha kucheka kwa sababu waya ulifika kila nyumba. Miaka ile tulipokea makohozi ya mtu Jumatatu, na Ijumaa tukaenda kumzika. Sina la kuwafundisha kuhusu miaka ile. Tulikuwa tunaosha slaidi.

Vidonge vilipofika nilimwona mtu aliyeletwa kwenye kitanda cha kamba akirudi baada ya miezi, amebeba jogoo wa shukrani. Jogoo yule alitusumbua sana hapo kituoni. Lakini hata baada ya vidonge, mwili uliopungukiwa na askari unabaki mlango wazi, na vidudu vilivyokuwa vimelala ndani kwa miaka vinaamka. Mzee Mtupa alikuwa ameshastaafu wakati huo, na baadaye akatangulia mbele ya haki. Nikabaki mimi.

Sasa naingia kwenye lile lililonifanya nichane kurasa nyingine.

Ramadhani moja iliangukia masika. Tulikuwa na desturi pale maabara: mwezi wa mfungo sampuli zote zinachukuliwa baada ya sala ya alfajiri. Mfungaji mchana hana mkojo wa kutoa, na sisi wenyewe ikifika saa saba macho yanacheza juu ya darubini. Hakuna aliyetuagiza. Nimejaribu kukumbuka nani aliianzisha, nikatafuta mtu wa kumsingizia, sikumpata. Niliianzisha mimi. Mzee Mtupa alikuwa anafunga mwezi mzima na bado alikusanya mkojo wa mchana.

Katika wiki ya kwanza ya mfungo aliletwa mwanamke kutoka mashamba ya ndani ya Kinjumbi, amelazwa juu ya magunia kwenye tela la trekta. Nitamwita Somoe. Nilipomwomba ruhusa ya kumwandika, alisema nibadilishe jina, kisha akachagua mwenyewe hilo, akisema ni la shangazi yake aliyekuwa mzuri kuliko yeye. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu. Miguu ilianza kwa ganzi, siku ya tatu haikumbeba, siku ya nne mkojo ukafunga. Alikuwa na UKIMWI, na vidonge vyake alikuwa ameviacha misimu miwili. Dungu la kulindia mpunga lilikuwa mbali na kliniki, na ndege hawangoji mtu aende kuchukua dawa. Sikumlaumu, nanyi msimlaumu.

Mke wangu ni wa kijiji chao, kwa hiyo tangu siku ya kwanza aliniita shemeji, na mashemeji mnajua ulimi wao.

Tabibu wetu, Dokta Agness, alimpima kwa sindano kuanzia nyayo kwenda juu, akimuuliza anasikia wapi. Alisikia kuanzia kitovuni. Dokta alinivuta pembeni.

"Issa, uti wa mgongo umeshikwa na kitu. Inaweza kuwa kifua kikuu kimeingia kwenye pingili. Inaweza kuwa kichocho, mayai yamepanda hadi huko. Au wale vimelea wanaotoka kwenye mavi ya paka, maana kwa kinga yake hii lolote linaingia. Nitafutie kwenye makohozi na kwenye mkojo."

Somoe alikuwa amewekewa mpira wa mkojo, unaingia kwenye mfuko uliotundikwa kitandani. Alfajiri iliyofuata nilikwenda na kikopo changu, nikachukua kutoka kwenye mpira.

"Shemeji," akasema Somoe, "wenzio asubuhi wanapelekea wagonjwa uji. Wewe unakuja kuomba mkojo."

"Mbona unafunga? Uji ungekunywa."

"Nimefunga, ndiyo. Nimeona nikuwahi kukataa kabla hujaniletea."

Nikazungusha mkojo ule kwenye mashine, nikatazama slaidi mbili, nikaandika: mayai ya kichocho hayajaonekana. Niliandika vizuri, kwa mwandiko wa kutulia. Makohozi nayo sikuona kitu.

Dokta Agness aliyasoma majibu, akaegemea kwenye kifua kikuu. Hapa naomba mnielewe, kwa sababu nimesikia watu wakimlaumu. Dawa ya kupoza uvimbe wa uti wa mgongo inaweza kukiamsha kifua kikuu kilichojificha, na hakutaka kuitoa gizani, wala kuanza dawa za kifua kikuu bila picha. Alitaka kumpeleka hospitali kubwa kwa picha, lakini mvua ilikuwa imekata barabara pande zote mbili, upande wa Somanga na upande wa Lindi. Tukangoja maji yapungue. Alimrudisha kwenye vidonge vyake pole pole, akamgeuza mgongo asipate vidonda, akapiga simu kila siku. Alifanya yote ambayo karatasi yangu ilimruhusu.

Siku ya tisa nilipita wodini saa nane mchana kumtafuta muuguzi. Mama yake Somoe, Bi Mwanahawa, alikuwa anamwaga mfuko wa mkojo kwenye ndoo. Kazi hiyo alikuwa ameichukua yeye tangu siku ya kwanza. Aliona aibu mwanawe amwagiwe na mtu baki. Nikamsalimu, akaitikia bila kuinua kichwa.

"Wa shemeji yako leo tena umechafuka," akasema.

"Nini kimechafuka, mama?"

"Mkojo. Asubuhi mweupe, ikifika mchana unakuwa na wekundu chini. Kila siku hivyo hivyo. Mimi sijashangaa, sisi kule bondeni tulikojoa damu tangu tungali wasichana, tukaambiwa ndiyo kukua."

"Ulimwambia nani?"

Sasa akainua kichwa. "Nani aliniuliza, baba?"

Nilisimama pale na mikono yangu. Ndani ya masikio nilimsikia Mzee Mtupa akisema ule wa mwanzo mwaga. Kwa siku tisa mkojo niliokuwa nautaka ulikuwa unamwagwa kwenye ndoo, na aliyejua ulivyo alikuwa mama mmoja ambaye mimi nilimpita kila alfajiri nikimsalimu.

Kesho yake sikwenda alfajiri. Nilikwenda saa nne na nusu, nikamwambia Somoe anahitaji kunywa maji mengi, ageuzwe na kukalishwa, kisha tutaubana mpira, tuufungue saa sita.

Somoe akaniuliza, "Unataka nifungue?"

"Mgonjwa ana ruhusa, shemeji. Utalipa baadaye."

"Ruhusa ninayo tangu siku ya kwanza, najua. Lakini hesabu nilivyobaki navyo. Shamba limeliwa na nguruwe. Mume alishaondoka. Miguu hii hapa, kama ya jirani. Saumu ndiyo kitu pekee ninachofanya kama watu wengine. Na hiyo unaitaka iingie kwenye kikopo?"

Ningemwambia ni kosa langu, lakini sikusema. Niliogopa. Nilisema tu, "Nakuomba."

Bi Mwanahawa alimimina maji kwenye kikombe cha bati. "Kunywa, mwanangu. Kama ni dhambi, iandikwe kwangu, mimi nina nafasi." Somoe akacheka, halafu akalia, halafu akanywa. Akanywa kikombe cha pili na cha tatu. Tulimkalisha, tukamgeuza kushoto na kulia, mimi na mama yake na muuguzi. Ndiyo kuruka kwenyewe, kwa mtu asiye na miguu. Saa sita tukafungua mpira. Nikauacha wa mwanzo uende, nikakinga wa mwisho.

Slaidi ya kwanza haikuwa na kitu. Ya pili, pembeni kabisa, mahali ambapo mtu mvivu hafiki, lilikuwepo moja. Refu, linang'aa, lina mwiba mkiani. Nikasogeza nikapata la pili, na la tatu. Yalikuwa matatu tu. Baadaye daktari mmoja aliniambia kwamba mwenye kinga iliyoshuka pengine hutoa mayai machache, lakini sitaki kujificha nyuma ya hilo. Hata machache yanatafutwa saa yake.

Nilimwita Dokta Agness. Aliweka jicho, akakaa hapo muda mrefu kuliko inavyohitajika kuona mayai matatu.

"Wiki iliyopita uliniandikia hayapo."

"Niliandika hayajaonekana."

Nilipoyasikia maneno hayo yakitoka mdomoni mwangu niliona haya, nikamweleza yote: alfajiri, Ramadhani, ndoo ya Bi Mwanahawa.

"Siku kumi na leo, Issa."

"Siku kumi, Dokta."

Akavua miwani. "Na mimi sikuuliza ulichukua saa ngapi. Nafanya kazi na watu wanaofunga mwaka wa sita huu, sikuwahi kuuliza." Hilo hakulazimika kulisema, ndiyo maana naliandika.

Nilikuwa na kitabu cha majibu mbele yangu, na msitari wa majibu yale ya kwanza ulikuwa na nafasi. Ningeweza kuongeza neno moja dogo la kunisitiri kwa wino ule ule. Sijui kama mtu mwingine angeona. Niliishika kalamu muda. Kisha nikaandika msitari mpya: majibu ya awali yasitegemewe, mkojo ulichukuliwa saa isiyo yake, kosa ni la mchukuaji. Nikaweka jina langu. Mkikifungua kitabu kile mtalikuta, limekwaruzwa kidogo na mende lakini linasomeka.

Mchana ule ule Dokta alizungumza na wakubwa wake kwa simu, akaanza dawa ya kupoza uvimbe na vidonge vya kichocho. Vidonge hivyo ni vikubwa na vichungu. Somoe alisema sasa anaelewa kwa nini minyoo inakimbia. Akaongezewa na dawa ya wale vimelea wa paka, kwa tahadhari. Maji yalipopungua akapelekwa hospitali kubwa. Mashine ya kuona ndani ya uti wa mgongo hata huko hawakuwa nayo. Kwa hiyo lazima niseme ukweli: hakuna aliyeuona uti wa mgongo wa Somoe. Mayai kwenye mkojo hayathibitishi mayai mgongoni, watu wengi bondeni wanayo na wanatembea. Inawezekana kilichomponya ni dawa ya paka. Inawezekana ni vidonge vya UKIMWI alivyorudia. Dokta aliamini ni kichocho. Mimi siamini wala sikatai. Nilichokijua ni kwamba dawa ilichelewa, na nilijua kwa nini.

Baada ya wiki kadhaa kidole gumba cha mguu wa kushoto kilicheza. Bi Mwanahawa alinipigia simu akipiga kelele, nikadhani kuna msiba. Kisha ukaja mguu wa kushoto wote. Wa kulia ulirudi nusu, ukaishia hapo. Mpira ulitolewa. Alirudi kwao na fimbo.

Mwaka ulipita kabla sijamwambia. Alikuja kliniki kuchukua vidonge vyake, akapita dirishani kunichokoza kama kawaida. Nilitoka nje, nikakaa naye kwenye benchi, nikamweleza. Sikuruka kitu. Nilimwambia kwamba kama ningechukua mchana tangu siku ya kwanza, huenda mguu wa kulia ungekuwa na yeye leo. Na huenda usingekuwa. Sijui.

Alikuwa anachora chini kwa ncha ya fimbo.

"Siku ile unaniomba nifungue," akasema mwishowe, "ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Ukaniacha nikuone mtu mwema."

"Ndiyo."

"Hilo ndilo baya, shemeji. Mguu ni mguu." Akasimama, na kusimama kwake si kazi ya haraka. "Nitakusamehe, lakini si leo. Leo nina safari."

Sikumwona miezi sita. Aliporudi ilikuwa tarehe ya kupimwa tena mkojo. Kijana wetu wa mafunzo akampa kikopo saa mbili asubuhi. Nilikuwa ndani, nikamsikia Somoe akimjibu.

"Weka hapo. Nitakupa saa sita."

"Mama, tunakusanya sasa hivi, foleni ni ndefu."

"Foleni ni yenu, mkojo ni wangu. Muulize shemeji yangu humo ndani saa ya kichocho ni ngapi. Anaijua vizuri, nimelipa ada mimi." Kisha akawageukia wale wa kwenye benchi, wakulima wa mpunga wote, akaanza kuwaeleza. Wapo waliovirudisha vikopo. Siku ile tulichelewa kufunga, na slaidi zilizokuwa na mayai zilikuwa nyingi kuliko nilivyozoea kuona.

Tangu hapo alikuja hivyo hivyo, kila mara. Ukitaka kujua kama alinisamehe, Asumini, sijui. Hakuwahi kusema, nami sikumuuliza mara ya pili. Alileta mchele mpya wakati wa mavuno, lakini alimpa mke wangu.

Siku yangu ya mwisho kazini walinipa saa ya ukutani na kanga ya mama watoto. Katikati ya hotuba nilisikia kwenye korido hatua moja, fimbo, na mguu unaoburutwa sakafuni. Hatua, fimbo, mburuto. Mganga mkuu alikuwa anasoma sifa zangu, baadhi yake ni za mtu mwingine. Nilimwomba radhi, nikaenda dirishani. Somoe alikuwa amesimama, amekinyoosha kikopo chenye mkojo kidogo tu, ule wa mwisho.

"Umestaafu, nasikia."

"Nimestaafu."

"Kabla ya saa sita au baada?"

Nilitazama saa mpya niliyopewa, bado imo ndani ya nailoni. Ilikuwa saa sita na dakika chache. Nikakipokea kikopo kwa mikono miwili, nikarudi ndani, nikakaa kwenye kiti ambacho sasa ni chako, nikaweka jicho. Nilitafuta mpaka pembeni. Hayakuwemo. Nikachukua kitabu, nikaandika: hayajaonekana, saa sita mchana. Nikampelekea kitabu dirishani ili asome mwenyewe. Aliusoma msitari wote, akaweka kidole kwenye ile saa, akarudisha kitabu. Kisha akageuka, nami nikabaki pale nikimsikiliza anavyokwenda, hatua, fimbo, mburuto, mpaka alipotoka kwenye saruji akakanyaga mchanga.